Mashine Kubwa kwa Nyumba Ndogo

Siku ya kuniaga karakanani, meneja aliweka mashine mbili za kuchomelea sakafuni, akaniambia nichague moja niende nayo nyumbani. Moja ilikuwa inveta mpya, bado imo ndani ya boksi lake, nyepesi kiasi cha kuning'inizwa begani kama mkoba wa shule. Ya pili ilikuwa Bibi. Hilo ndilo jina tulilolipa lile transfoma kuukuu la karakana: sanduku la chuma lenye magurudumu manne, tumbo limejaa nyaya za shaba na mafuta ya kupoza. Nilikuwa nimefanya kazi nalo karibu maisha yangu yote. Wenzangu wakapiga kelele, "Bibi! Bibi! Mzee, usimwache mke wa kwanza!" Nikacheka pamoja nao, nikaweka mkono juu ya Bibi. Ilinipasa kukataa. Sababu zote za kukataa nilizijua, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiwafundisha watu wengine sababu hizo hizo.

Ninawaandikia ninyi mliobaki pale kwa sababu mliniomba niache maneno, na siku ile niliacha utani tu. Vyeo sitavitaja. Havikuwa vingi, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuunganisha chuma.

Nilishuka kutoka milimani baada ya kumaliza kidato cha nne, nikaajiriwa katika karakana ya shamba la mkonge, huko chini upande wa Voi. Vumbi jekundu, joto, na harufu ya majani ya mkonge yaliyokamuliwa, ambayo mgeni hudhani kuna kitu kimekufa. Fundi mkuu alikuwa Mzee Athumani, mtu wa Voi, wa familia ya Waislamu waliotoka pwani tangu enzi za babu zao. Alinitazama kwanza viatu, halafu uso.

"Wewe mwana, umekuja kufanya kazi au umekuja kutazama fataki?"

"Kufanya kazi, mzee."

"Basi twaa ufagio."

Nilifagia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilipochoka kufagia nikaanza kuiba kutazama, bila kioo, jinsi alivyokuwa akichomelea ekseli ya trela. Kesho yake macho yalikuwa kama yametiwa mchanga na pilipili. Mzee Athumani hakunionea huruma. Aliniambia, "Haya, sasa wajua kwa nini kioo ni cheusi," kisha akanipa ruhusa ya kukaa kivulini. Mpaka leo nikimwona kijana anachomelea kwa miwani ya jua ya kuuziwa barabarani, au kwa kufumba jicho moja na kumwachia Mungu la pili, hunijia hamu ya kumpa ufagio.

Alinifundisha kwa kunigeuza nimpe mgongo. Yeye alichomelea, mimi nikasikiliza nikiwa nimeelekea ukutani. "Chuma husikizwa," alisema. "Ukisikia viazi karai vyaingia mafutani, moto wako sawa. Ukisikia mtu akohoa, moto mdogo. Ukisikia ng'ombe anguruma, punguza kabla hujatoboa." Wengine walidhani ni mchezo. Siku aliponigeuza na kunipa rodi, kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka kuwa mshono, masikio yangu yalikuwa tayari yanaijua kazi.

Kazi ngumu ninayoikumbuka zaidi ni ya tangi la maji lililosukumwa na ndovu. Wakati wa kiangazi ndovu hutoka mbugani kutafuta maji, na hawajifunzi kusoma mabango. Tangi lilikuwa na ufa mrefu ubavuni. Mzee Athumani alikuwa msibani Voi, nami nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nikalisafisha, nikachomelea ufa mwanzo hadi mwisho, mshono mzuri uliolala kama magamba ya samaki. Tukajaza maji. Asubuhi ufa ulikuwa umeanza tena pale nilipoishia na kupanda juu, mrefu kuliko wa kwanza. Mzee aliporudi hakunigombeza. Alichukua drili, akatoboa kitundu kidogo kwenye ncha ya ufa, ndipo akanikabidhi rodi. Kitundu huusimamisha ufa. Bila hicho unaendelea na safari yake chini ya mshono wako. "Ufa haukuwa na habari kuwa wewe umemaliza," akasema, akaenda kuswali adhuhuri.

Mzee Athumani alistaafu, na baada ya miaka kadhaa tukamzika Voi. Bibi akabaki mikononi mwangu. Katika miaka hiyo inveta zikaingia madukani, na watu wa kawaida, ambao zamani wasingethubutu kuigusa mashine ya kuchomelea, wakaanza kutaka ya kwao ya nyumbani. Wengi walinijia. Mmoja alikuwa Bwana Swaleh, mwenye duka la nguo mjini Voi. Alikuja na soda mbili na ndoto.

"Fundi, nataka mashine kama hiyo yako kubwa."

"Ya kazi gani, Bwana Swaleh?"

"Jumapili nisikae bure. Nitengeneze vibao vya chuma vya kuwekea maua ya mke wangu, niuzibe mlango wa geti, na toroli la kubebea maji."

"Na hiyo geti yako ni ya gereza?"

"La, ni ya kuzuia mbuzi wa jirani."

"Basi kwa nini unataka mashine ya kujengea meli?"

Akacheka, lakini alikuwa anauliza kwa dhati, nikamjibu kwa dhati. Nilimwambia mambo ambayo ninyi pia mtaulizwa, kwa hiyo niyaandike hapa. Mtu wa nyumbani aanze na chuma chake, asianze na mashine. Bomba jembamba, pembe za chuma za fremu, mabati mazito kidogo: hivyo vyote rodi nyembamba huvimaliza, na rodi nyembamba inachomeka vizuri na inveta ndogo. Namba kubwa iliyobandikwa ubavuni isimdanganye. Nimeona mashine ya ukubwa wa mkate imebandikwa namba ambayo Bibi mwenyewe angeionea haya. Atazame badala yake imeandikwa inaweza kufanya kazi kwa muda gani kabla ya kupumzika. Ndogo hupata joto ikajizima. Kwa fundi wa barabarani huo ni usumbufu, lakini mtu wa Jumapili atapata nafasi ya kunywa chai. Zile zinazotumia waya na gesi ni safi, ila aziache kama atafanyia kazi nje. Upepo wa huku unaipeperusha gesi, na mshono unatoka na matundu kama sifongo. Sehemu ya fedha ibaki kwa kioo kizuri, glavu za ngozi na waya mrefu wenye koleo la kushikia chuma. Rodi aziweke mahali pakavu, na walio milimani kwenye ukungu wazianike karibu na jiko kabla ya kazi.

Na kabla ya yote hayo, nilimwambia, nionyeshe stima yako. Waya unaoingia nyumbani mwako una unene gani? Umetoka kwenye mita ya nani? Nani mwingine anakula hapo? Transfoma kuukuu hunywa stima kama ngamia anywavyo maji. Inveta hunywa kidogo na kutoa moto ule ule. Bwana Swaleh alifuata, akanunua ndogo, na vibao vyake vya maua, ingawa vimeinama kidogo, vingali vimesimama.

Kwa hiyo siku ya kuniaga sikuwa mjinga. Niliyajua yote. Nilimchukua Bibi kwa sababu wenzangu walikuwa wakipiga makofi, na kwa sababu nilidhani mtu akienda nyumbani na mashine ya ukubwa wa mkoba, watu watasema hakuwa fundi wa maana.

Nyumbani kwangu ni juu ya Wundanyi, kwenye mteremko, shamba la marehemu baba. Nyumba ya mdogo wangu Righa iko juu, yangu iko chini yake hatua chache. Kwa kuwa mimi nilikaa kazini na kuja wikendi tu, sikuwahi kuomba mita yangu. Righa alinivutia waya kutoka kwake, ukapita darini mwake na kushuka kwangu: taa nne, redio na kuchaji simu. Familia nyingi huku zinaishi hivyo. Kuomba mita yako wakati ndugu yako ana mita ni kama kupika ugali wako peke yako wakati chungu cha ndugu kiko motoni. Watu watauliza mmekosana nini.

Righa alikuwa dereva wa lori hadi mgongo ulipokataa. Akaanza kuangua vifaranga. Alikuwa na kiangulio kilichojengwa kwenye chumba cha mwisho cha nyumba yake, sanduku la mbao lenye balbu, feni na maji ya kutia unyevu. Kina mama wa kijiji kizima walimletea mayai ya kuku wao wa kienyeji, yeye akayaangua, wakagawana vifaranga. Aliyageuza kwa mkono, kila yai akiliwekea alama kwa penseli. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake yote, na ilitegemea kitu kimoja tu: mama akiacha mayai yake pale, awe na hakika kwamba joto halitakatika.

Bibi alifika kwa pikapu hadi barabara ilipoishia. Kutoka hapo aliteremshwa na wanaume waliofunga miti miwili chini ya tumbo lake. Righa alisimama mlangoni akitazama msafara.

"Kaka, pole. Nani amefariki?"

"Acha utani. Shika upande huu."

"Ama umeleta posho mill? Sema tuanze kupanga mahindi."

Mke wangu hakucheka. Alimzunguka Bibi mara moja. "Baba Mkamburi, uliniambia kulikuwa na ndogo."

"Ilikuwepo."

"Na hiyo ndogo uliikatalia nini?"

Nilimwambia kwamba yeye hajui mambo ya mashine. Hilo nalo nilisema.

Nilibadilisha viunganishi vya ndani ili Bibi akubali stima ya nyumbani, nikagusisha rodi kwa mara ya kwanza. Taa za nyumba zote mbili zikafifia, na swichi ya usalama kwa Righa, ile inayojikata stima ikizidi, ikajikata. Akairudisha. Nikagusa tena, ikajikata tena. Righa akaja akiwa amejifuta mikono na suruali.

"Kaka, taa zangu zinakonyeza kama msichana. Sawa, mimi sina neno. Lakini nina mayai ndani. Tukubaliane. Kabla ya kuwasha hiyo kitu yako, uniambie. Nikiwa na mayai, usiwashe."

"Nitakuambia."

"Uniambie kweli, si kwa simu nikiwa sokoni."

"Nimesema nitakuambia, Righa."

Nilitimiza ahadi kwa muda. Kisha siku moja nilikuwa nimebakiza mshono mmoja kwenye kiti, mshono mfupi tu, na Righa alikuwa kanisani. Niliwasha bila kumwambia, swichi ikajikata, na mimi sikwenda kuangalia. Aliporudi kiangulio kilikuwa baridi. Mayai ya kina mama kadhaa yaliharibika. Righa alikwenda nyumba kwa nyumba kueleza, akasema stima ilipotea, jambo ambalo huku linaaminika kirahisi. Kwangu alisema tu, "Kaka, hii ya kwanza nimeibeba mimi."

Niliona haya. Mtu mwingine angeuza mashine. Mimi nilitafuta njia ya kifundi. Niliwaza hivi: linaloua mayai ni swichi kujikata, basi swichi isipojikata, mayai yatakuwa salama. Karakanani tulifanya hivyo kila mara kazi ilipokuwa ya haraka. Tuliiruka swichi kwa kipande cha waya mnene, kazi ikaisha, tukarudisha. Lakini karakanani nyaya zilikuwa na unene wa kidole gumba, zimepita kwenye mabomba ya chuma, na kuta zilikuwa za mawe. Waya wa Righa ulikuwa wa taa nne na redio, nao ulipita darini juu ya mbao kavu. Swichi ile ilikuwa inajikata kwa sababu ilikuwa inafanya kazi yake. Niliiruka Righa akiwa hayupo. Sikumwambia, kwa sababu nilitaka aone tu kwamba tatizo limekwisha.

Na kweli alifurahi. "Kaka, siku hizi haijikati. Umefanyaje?"

"Nimeirekebisha kidogo."

"Ndiyo maana ya kuwa na fundi nyumbani," akasema.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana, Righa ameteremka sokoni Wundanyi. Nilikuwa namtengenezea lango la banda la kuku, kama njia yangu ya kuomba radhi kwa yale mayai ya kwanza. Mayai yalikuwemo kwenye kiangulio, lakini kwa kuwa swichi haikuwa ikijikata tena, nilijiona nimeachiliwa ile ahadi. Bomba lilikuwa nene, nikapandisha moto, nikachomelea mfululizo. Kioo kilikuwa usoni, na mlio ulikuwa ule mzuri kabisa wa mafuta yanayokaanga. Sikusikia kitu kingine. Mke wangu alinivuta shati kwa nyuma.

"Baba Mkamburi! Moshi! Kwa Righa!"

Nilipoinua kioo, moshi ulikuwa unatoka chini ya mabati ya nyumba yake, upande wa chumba cha mwisho. Nilikimbia kukata stima, na swichi niliyoihitaji ndiyo ile niliyoiharibu. Ilibidi nikate waya kwa koleo lenye mpini wa mpira. Majirani walikuja na maji ya mitungi na udongo. Nyumba iliokoka isipokuwa chumba kile. Dari ilianguka juu ya kiangulio. Hakukuwa na mtu aliyeumia, na niliwasikia watu wakilisema hilo kama faraja.

Righa alipanda kutoka sokoni akikimbia na mgongo wake mbovu. Alisimama kwenye chumba chenye mvuke, akatazama mayai yaliyopasuka, akainua macho darini, akaufuata waya mweusi kwa macho mpaka kwenye boksi la swichi. Aliendesha lori miaka mingi. Fyuzi iliyorukwa akiiona anaijua.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi."

"Lini?"

"Baada ya yale mayai ya kwanza. Nilitaka isikukatie."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

Kisha akasema taratibu, bila kupandisha sauti, "Ningefanya mimi, watu wangesema hakujua. Wewe watasema nini?"



Safari hii hakuwaambia kina mama kwamba stima ilipotea. Aliwaambia ukweli, bila kunitukana. Wengi walimwonea huruma na kuahidi kurudi, lakini mayai hayakurudi. Baba yetu mdogo, mzee wa kanisa lakini pia mtu anayeyakumbuka ya zamani, alitukutanisha. Wazee wa Kidawida, yaani wetu sisi Wataita, walikuwa na desturi ya kuitoa hasira baina ya ndugu: kila mmoja hutaja kinachomkera, hupiga funda la pombe ya miwa, kisha hulitema nje, na hasira hutoka nalo. Baba mdogo alitumia maji badala ya pombe, kwa ajili ya kanisa. Nilitema yangu. Righa aliushika ugunda, chombo kile cha maji, akautazama, akauweka chini.

"Baba mdogo, hasira sina. Ingekuwa hasira ningeitema saa hii. Ni kwamba nikilala, nasikia waya darini."

Nilimwuza Bibi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Walimkatakata pale pale kwa sababu hakuna aliyetaka kumpandisha mteremko mzima. Niliomba mita yangu, nikamjengea Righa chumba upya, nikamletea kiangulio kingine kutoka Voi. Alinishukuru kama anavyoshukuriwa mtu wa duka. Kabla ya mvua zilizofuata alihamia Chala, kule Taveta, kwenye shamba la upande wa mke wake, akaenda na kiangulio. Nasikia watu wa kule wanamletea mayai mengi.

Mimi sasa nina inveta ndogo. Inafanya kila kitu ninachokitaka: viti, vibao, bawaba za milango. Akija mtu kuwauliza awe na mashine gani nyumbani, mwambieni niliyomwambia Bwana Swaleh, na msimwache aondoke kabla hajawajibu swali la mita ni ya nani.

Dada yetu alipofariki mwaka jana, Righa alikuja kuzika. Tulibeba jeneza pamoja, yeye mbele, mimi nyuma. Baada ya mazishi nilimwendea nikamsalimia. Alinipa mkono, akaniuliza kama afya ni nzuri, akasema gari la kurudi Taveta linamsubiri. Hakuingia nyumbani kwangu, wala hakupanda kuitazama nyumba yake. Nilikuwa na ndugu mmoja wa kiume. Kwa kuchagua mashine ile, nilimpoteza.